Wili ya mwendo wa kinyonga: kwanini tairi likikaa chini ndo unazidi kukimbia

Kila anayeanza kujifunza wili, yaani kuendesha pikipiki kwa tairi la nyuma tu la mbele likiwa juu, anakuja na swali lilelile, na ukimwangalia akiendesha unalijua kabla hajafungua mdomo. Ananyanyua tairi la mbele, linakaa juu kidogo usawa wa magoti hivi, pikipiki inakimbia, inazidi kukimbia, injini inalia mpaka mwisho, resi haina tena pa kwenda, tairi linarudi chini pu, afu anageuza anakuja kuuliza: mbona yule anaenda polepole vile kama anatembea na tairi liko juu tu, mimi nikipunguza resi kidogo linashuka?

Nimelijibu hilo swali mara nyingi na najua jibu haliingii haraka, maana linaenda kinyume na vile mwili unavyotaka. Mwendo wa polepole hauletwi na resi ndogo, unaletwa na tairi la mbele kuwa juu zaidi. Yaani yule anayebaki chini chini akidhani anajilinda ndo anayelazimika kukimbia, na yule aliyenyanyua mpaka unaona kama anadondokea mgongo ndo anayeweza kwenda mwendo wa kinyonga. Ukishaelewa kwanini iko hivyo mazoezi yote yanapata maana, usipoelewa utachoma klachi miezi sita na bado uko palepale.

Chukua fimbo ndefu uisimamishe kiganjani. Ikisimama wima kabisa mkono unatulia. Ikianza kulala mbele inabidi mkono uikimbilie uingie chini yake, ikilala kidogo unasogea taratibu, ikilala sana unakimbia, na kadiri unavyoiacha imelala ndivyo unavyozidi kuongeza mwendo mpaka chumba kinaisha. Pikipiki iliyo kwenye wili ni hiyo fimbo, na kiganja ni tairi la nyuma pale linapogusa ardhi. Kichwa cha fimbo ni kitovu cha uzito, ile sehemu ambayo uzito wa pikipiki na wa kwako unaweza kusema umekusanyika pamoja, kwa pikipiki nyingi ni maeneo ya tangi na tumbo lako. Sasa piga mstari kichwani mwako kutoka tairi la nyuma linapogusa lami hadi kwenye hicho kitovu. Mstari ukisimama wima, uko kwenye balansi, hakuna kinachokuvuta mbele wala nyuma, na hapo unaweza kwenda kilomita 60 kwa saa au kilomita 10 kwa saa, ni wewe tu.

Ila mstari ukiwa umelala mbele, uzito unataka kurudisha tairi chini, na kitu pekee kinachoweza kuuzuia ni pikipiki kuongeza mwendo. Angalia sio kwenda mwendo mkubwa, ni kuongeza mwendo, kila sekunde, bila kupumzika. Na hesabu yake sio ngumu. Mstari ukiwa umelala digrii 20 kutoka wima, unahitaji kuongeza karibu kilomita 13 kwa saa kwa kila sekunde inayopita ili tairi libaki hapohapo. Umeanza na kilomita 15 kwa saa, baada ya sekunde tatu umeshapita 50, na hapo ndo injini inafika mwisho na wili inakufa. Digrii 10, unahitaji kuongeza kama kilomita 6 kila sekunde. Digrii 5, kama 3 tu. Unaona inavyoelekea? Ukifika wima ni sifuri. Kwahiyo yule mwenye swali hakosi ufundi wa resi, yuko digrii 20 huko na anataka mwendo wa mtu aliye kwenye sifuri, haiwezekani hata akiwa na mkono wa dhahabu.

Hapa pia ndo unajua kwanini nguvu ya injini sio hoja. Mwaka 1991 huko Tsukuba Mjapani Yasuyuki Kudo alienda kilomita 331 bila tairi la mbele kugusa chini, na alikuwa na Honda TLM220R, kapikipiki kepesi ka cc 220 hivi ka kupandia mawe na magogo. Huwezi kwenda kilomita 331 huku unaongeza mwendo kila sekunde, lazima uwe unaishi kwenye balansi.

Balansi yenyewe iko juu kuliko watu wanavyodhani. Kwa pikipiki ya kawaida mwili wa pikipiki unainuka kama digrii 45 hadi 50 na kitu, inategemea urefu wake na ulivyokaa, na ukiwa umekaa nyuma zaidi kwenye siti inakuja mapema kidogo. Ukiwa pale hauoni barabara mbele yako, unaona saa za pikipiki na mbingu, inabidi uchungulie pembeni. Na utajua umefika kwa mikono sio kwa macho. Njia nzima tairi linapopanda pikipiki inakuwa nzito, inavuta, unaisikia mabegani inataka kurudi chini, afu ghafla uzito unaondoka. Inakuwa nyepesi. Injini inapunguza kelele kwasababu haihitaji tena kusukuma, usukani unakaa mikononi kama haujashikwa na mtu. Ukiisikia mara moja hautaisahau, na mara ya kwanza karibu kila mtu anaiogopa anafunga resi, kwasababu mwili unasema hapa naanguka. Na mwili hausemi uongo, sentimita chache nyuma ya hapo kweli unaanguka.

Ndo maana kabla ya kumwambia mtu yeyote apande huko namwambia kwanza habari za breki ya nyuma, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wanavunjika.

Rudi kwenye fimbo. Ukiwa unatembea nayo afu ukausimamisha mkono ghafla, fimbo inaangukia mbele. Breki ya nyuma inafanya hichohicho: lami inalishika tairi kutoka chini, uzito wa juu bado unataka kuendelea na safari, basi pikipiki nzima inainamia mbele na tairi linashuka. Na inafanya kazi wakati wowote. Resi ikiwa wazi inafanya kazi, resi ikiwa imefungwa inafanya kazi, klachi imebanwa inafanya kazi, hata ukiwa umepita balansi na unaelekea chini kwa mgongo bado inakurudisha, mradi hujachelewa. Hakuna kitu kingine kwenye pikipiki chenye sifa hiyo. Kufunga resi kunasaidia kidogo kwasababu injini nayo inavuta tairi nyuma, ila kwenye gia ya kwanza kunakuja kwa kishindo na tairi linashuka kama jiwe. Na klachi, tafadhali hii isome mara mbili: kubana klachi hakukuokoi ukiwa umepita balansi. Ukiwa bado uko mbele ya balansi ukibana klachi tairi linarudi chini vizuri tu, kwahiyo anayejifunza anazoea kwamba klachi ndo kinga yake, siku akipita balansi anabana klachi kama alivyozoea, nguvu ya injini inakatika na ule mvuto wa injini nao unakatika, hakuna tena kinachomshika, anaenda chini na pikipiki juu yake.

Kuna hatari nyingine inayofanana na hiyo, mkono wa resi. Ukianza kuanguka nyuma, mwili unarudi nyuma lakini kiganja kimeshika usukani, basi kifundo cha mkono kinajikunja chenyewe na kukunjika huko ndo kufungua resi. Hujataka kuongeza, mwili umekuongezea. Kwahiyo pikipiki inazidi kupanda wakati wewe unaomba ishuke. Mguu kwenye breki ndo unaokata huo mnyororo, na ndo maana nasema mguu usitoke pale hata sekunde moja.

Na pedeli yenyewe iwekwe sawa. Mara ya kwanza nilipopita balansi mguu wangu ulikuwa kwenye pedeli, au nilidhani. Pikipiki ikiwa imeinuka unyayo unateleza nyuma taratibu bila wewe kujua, na angle ya kifundo cha mguu inabadilika, buti yangu ilikuwa imerudi kama upana wa vidole viwili tu, nikakanyaga hewa. Nilikuwa kwenye mwendo mdogo nikatua kwa miguu afu kwa makalio, taa ya nyuma ikapasuka, kibao cha namba kikakunjika, mimi nikachubuka viganja. Tangu hapo kitu cha kwanza ninachofanya kwa mtu mpya ni kumkalisha kwenye pikipiki, tunainua mbele tukiwa wawili watatu tumeishika vizuri, afu namwambia akanyage breki akiwa pale juu. Nusu yao hawaifikii. Unarekebisha pedeli ipande juu kidogo, unarudia, mpaka ncha ya buti inaipata yenyewe bila kutafuta.

Hiyo nayo ni sababu ya kupenda wili za polepole kuliko za kasi kwa anayejifunza, japo inasikika kinyume. Ukianguka kwenye kilomita 15 kwa saa unaweza kushuka ukasimama kwa miguu ukaachia pikipiki ijiendee. Kwenye 60 mwendo ni mara nne, ila nguvu inayotakiwa kuisha mwilini mwako na kwenye lami ni mara 16.

Sasa tuje kwenye upole wenyewe. Umeshafika kwenye balansi, unaelea, vizuri, lakini umefika pale ukiwa na kilomita 25 au 30 kwa saa kwasababu njiani kote ulikuwa unaongeza. Unapunguzaje? Watu wanakwama hapa mwaka mzima. Wanagusa breki wakiwa kwenye balansi, tairi linashuka, wanaongeza resi kulirudisha, mwendo unaongezeka tena, wanagusa breki, linashuka, wanafika mwisho wa uwanja wakiwa na mwendo mkubwa kuliko walioanza nao.

Fimbo inajua jibu. Unatembea na fimbo wima kiganjani na unataka kusimama bila iangukie mbele, unafanyaje? Fanya kweli uone. Kwanza unausukuma mkono mbele kidogo zaidi, fimbo inalalia upande wako, afu ndo unapunguza mwendo wa mkono wakati fimbo inarudi wima. Kabla ya kupunguza unaongeza. Pikipiki ni hivyohivyo: unaigusa resi kidogo ivuke balansi iende nyuma digrii chache, na ikiwa kule nyuma inataka kuendelea kuanguka, hapo unakanyaga breki na kuishikilia. Uzito unavuta nyuma, breki inavuta mbele, vinalingana, tairi la mbele limetulia juu na mwendo unaisha. Hesabu ni ileile imegeuzwa tu, ukiwa digrii 5 nyuma ya balansi unapoteza kama kilomita 3 kwa saa kila sekunde, kwahiyo kutoka 25 hadi 13 ni sekunde nne za kukaa nyuma ya balansi mguu ukiwa umeegemea breki. Kila kilomita unayotaka kuipunguza unainunua kule nyuma, hakuna duka lingine. Ndo maana nasema breki sio ya dharura tu, kwenye wili ya polepole breki ndo unayoendeshea, na mtu ambaye bado anaikanyaga kwa woga kama swichi ya kuzimia hawezi kwenda polepole hata afanye nini.

Ukimsikiliza anayejua utasikia injini yake haipandi na kushuka sana. Resi ameiacha wazi kidogo, imetulia, na mguu ndo unacheza, unabonyeza na kuachia, unabonyeza na kuachia, kidogo kidogo. Anayejifunza anafunga na kufungua resi, na kila ikifunguka cheni inakazwa kwa mshtuko, pikipiki inaruka. Tena makosa kwenye balansi yanakua haraka sana, kosa dogo ukiliacha bila kulirekebisha, chini ya nusu sekunde limeshazidi mara mbili yake, kwahiyo marekebisho mawili madogo ya mapema ni bora kuliko moja kubwa la kuchelewa.

Kwahiyo mpangilio wa kujifunza ninaoupenda mimi unaanzia mwisho. Tafuta sehemu tambarare iliyofungwa, hamna magari hamna watu, barabarani hapana kabisa, helmeti, glavu, buti, kinga ya mgongo. Pikipiki ndogo, cc 125 hivi yatosha. Kama una baiskeli yenye breki nzuri ya nyuma anza nayo, balansi na breki ni hadithi ileile na ukianguka unatua kwa miguu. Siku za kwanza lengo sio kukaa juu, lengo ni kushuka kwa breki. Unanyanyua kidogo, breki, chini. Unanyanyua kidogo, breki, chini. Hata tairi likiwa linashuka lenyewe kanyaga breki, hata wili uliyoikosea imalizie kwa breki, mpaka siku ambayo mguu unakanyaga kabla haujaambiwa. Hapo ndo unaanza kupanda juu zaidi, kila mara unaongeza kidogo, unaukaribia ule wepesi, breki. Baadaye unaugusa, breki. Baadaye unakaa nao kwa kuhesabu moja. Moja mbili. Kuvuka kwenda nyuma unakuja mwisho kabisa, na kwa wakati huo hautakuwa na hofu kwasababu unajua mguu upo.

Kunyanyua kwenyewe kwa pikipiki ndogo unatumia klachi. Gia ya kwanza, kilomita 10 hadi 15 kwa saa, umekaa nyuma kidogo kwenye siti, vidole viwili kwenye klachi. Unabana klachi, unapandisha resi kidogo, unaachia haraka lakini kwa vidole sio kuitupa. Ukiibonyeza shokapu ya mbele kwa uzito wako muda mfupi kabla, ikirudi juu ndo unaachia klachi, unapata nusu ya kazi bure. Mikono inyooke kama kamba, usivute usukani. Anayevuta anavuta na mkono mmoja zaidi ya mwingine bila kujua na pikipiki inapanda imepinda, na wili iliyopanda imepinda kwenye mwendo mdogo haitanyooka, shusha uanze upya.

Maana kwenye mwendo mdogo pembeni nako kunakuwa kugumu. Kwenye kasi tairi zinazozunguka zinasaidia pikipiki kusimama, kwenye mwendo wa kutembea msaada huo umebaki kidogo, na tairi la mbele juu kule limeshakaribia kusimama. Kinachobaki ni mwili: ikianza kuelemea kushoto unatoa goti la kulia, unageuza usukani kidogo kulia, unasogeza kiuno. Haya hayafundishiki sana kwa maneno, yanakuja yenyewe macho yakiwa mbali. Ukiangalia tairi la mbele umeshaanguka.

Pikipiki nayo inaandaliwa. Wanaoishi na mchezo huu wanaweka spoketi kubwa nyuma, ile gia ya meno inayovutwa na cheni, meno 60 ni kawaida kwao, ili kwenye mwendo wa mguu injini iwe inazunguka kwa utulivu badala ya kukohoa. Wanapandisha ule mzunguko wa injini ikiwa inanguruma yenyewe bila resi, ili mshtuko wa cheni uondoke. Wanapunguza upepo tairi la nyuma lipate kukaa bapa, wanaweka breki ya nyuma ya mkono kushoto karibu na klachi, na chuma nyuma ya siti kinachogusa lami kabla ya mgongo wako. Wewe unayeanza huhitaji yote hayo, ila cheni isiwe imelegea na breki ya nyuma isiwe inashika kwa kuruka. Pikipiki mpya zenye kompyuta ya kuzuia tairi la mbele kunyanyuka, zima hiyo kitu au tumia pikipiki nyingine, vinginevyo itakukatia nguvu katikati. Na angalia oili mara kwa mara, kwasababu injini ikikaa imeinama muda mrefu oili inakimbilia nyuma na kwa baadhi ya injini pampu inabaki inavuta hewa, juu ya hapo klachi inachemka na injini inayopozwa na upepo haipati upepo.

Ukishuka, usukani uwe umenyooka na resi iwe wazi kidogo ili tairi litue badala ya kudondoka. Tairi likitua limepinda usukani unapigapiga kulia kushoto na unaweza kukutupa.

Kitu cha mwisho ni kona. Ukishaweza kwenda polepole kweli, uwanja unaacha kuwa tatizo, kwasababu badala ya kufika ukutani unaanza kuzunguka. Wengi wanaanza kushoto, mguu wa breki unabaki upande wa nje ukiwa huru. Unaangalia katikati ya duara, unaiachia pikipiki ilalie ndani kidogo, na utashangaa kwamba inalala chini haraka kuliko ulivyotaka, basi unaigusa resi kidogo inainuka, inataka kwenda nyuma, breki, inalala tena, resi, breki, duara linazidi kuwa dogo, na ukipoteza mwendo wote kabisa unaweka mguu wa kushoto chini, tairi linashuka, unaanza tena kutoka mwanzo.